Ekari Nane na Nusu Kichwa

Mke wangu aliuza fremu yake, chumba cha saluni, siku ya Jumanne bila kuniambia, na Jumatano asubuhi akanipa habari hiyo kana kwamba ameuza sufuria kuukuu. Fremu ile aliinunua kwa vidole vyake, miaka kumi na tisa ya kusuka vichwa vya watu, na ndiyo ilikuwa mali pekee ya maana tuliyokuwa nayo. Mimi ni seremala, karakana yangu ni ya kupanga na randa zangu ni za marehemu baba. Nilimuuliza kama amerogwa.

"Sijarogwa," akasema. "Siku hizi napata kichwa kimoja kwa siku, Fundi. Watu wanasukana majumbani. Mwakani fremu ile hata kichaa hatainunua."

"Na pesa uliyopata?"

"Hiyo nayo haikai. Nataka nyumba yenye shamba."

Ananiita Fundi kama wateja wangu wanavyoniita. Yeye wateja wake humwita Mistari, kwa sababu mistari anayopasua kichwani hunyooka bila kutazamwa mara mbili. Mwaka ule hakuna kingine kilichonyooka. Ubao niliouliza bei asubuhi ulikuwa na bei nyingine jioni, na muuza mbao alishaacha kuandika bei kwa chaki. Aliitamka tu huku akitazama pembeni. Mabunda ya noti za mke wangu yalikaa chini ya kitanda chetu, ndani ya mfuko wa nywele za bandia. Hakuna aliyeyagusa, lakini kila wiki yalinunua kidogo kuliko wiki iliyopita.

Nyumba aliyoitaka ilikuwa mwendo wa saa mbili kutoka mjini. Ilikuwa kituo cha kusukuma maji, kikafungwa zamani: mnara wa mawe wa ghorofa tatu, tangi tupu juu yake, nyumba ya vyumba vinne imejengwa ubavuni, kisima kirefu uani, na ekari nane za udongo mweusi zinazoteremka mpaka kijitoni. Mwenyewe alikuwa mjane wa fundi wa pampu. Kituo kilipofungwa, mumewe alipewa pale badala ya kiinua mgongo. Watu walimwita Mama Mnara. Alitembea kwa fimbo akiburuta mguu wa kulia, na bei aliyotaja ilikuwa ndogo mno.

Udogo wa bei ndio ulionitisha. Sikutaka kuuziwa mbuzi kwenye gunia, tena kwa pesa ambayo haikuwa yangu. Safari ya kwanza nilizunguka nyumba nzima na bisibisi, nikichoma boriti, fremu za milango na ngazi za mnara, natafuta mchwa. Niseme kweli, niliomba niwapate, nirudi mjini nimeshinda ubishi. Bisibisi iligonga mbao ngumu kila mahali na kurudi na ncha kavu. Tulipoondoka nilikuwa nimenuna, na mke wangu alikuwa anaimba.

Safari ya pili ilikuwa Jumamosi, na tulikwenda na mfuko. Mama Mnara alitukaribisha sebuleni, akatuwekea viti, kisha akatuambia bila kuzunguka kwamba kuna mnunuzi mwingine.

"Muuza saruji. Anakuja saa tisa, naye ana pesa taslimu. Mimi sina upendeleo, jamani. Atakayetangulia ndiye mwenye bahati."

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimkonyeza mke wangu atoe mfuko. Yeye hata hakuniangalia. Alikuwa anatazama kilemba cha Mama Mnara, na nywele zilizochomoza pembeni.

"Dada, nani alikusuka mara ya mwisho?"

"Hata sikumbuki, mdogo wangu. Siku hizi nafunga kitambaa tu."

"Basi kaa nikusuke, rasta za bandia ninazo mfukoni. Zawadi. Fundi aangalie dari kwa mara ya mwisho, halafu tumalizane."

Mama Mnara alipokwenda kuchukua kitana, nilimvuta mke wangu mpaka mlangoni. "Una wazimu? Toa pesa tuandikishane!"

"Nyumba kama hii haiuzwi bei hii, Fundi. Kuna kitu. Labda kisima kinakauka, labda mashemeji wana kesi. Nipe saa chache."

"Si umuulize?"

"Mtu ukimuuliza usoni anakujibu. Ukimshika kichwa, anasema."

Nikapanda darini. Tundu la dari lilikuwa juu ya sebule, nikalala kifudifudi juu ya boriti, vumbi puani, na chini yangu nikaona utosi wa Mama Mnara na vidole vya mke wangu vikipasua mstari wa kwanza. Kisima hakijawahi kukauka, Mama Mnara alisema, hata mwaka ule ng'ombe walipokufa kwa ukame. Mashemeji hawana neno, karatasi zote ziko kwa jina lake. Mipaka ina mawe, jirani wa juu ni mtu mwema. Rasta zilishuka moja baada ya nyingine upande wa kushoto, na mimi nikaanza kufanya kosa ambalo sikulitarajia. Nilianza kupanga. Karakana ningeiweka chini ya mnara. Mbao ningezikausha pale juu, hewa ya kutosha, mvua haifiki. Kwenye ekari za chini ningepanda miti yangu mwenyewe na nisimbembeleze tena muuza mbao. Ilipofika saa sita nilikuwa naitaka ile nyumba kuliko alivyoitaka mke wangu.

"Sasa dada, mahali pazuri hivi mbona unapauza?"

"Nyonga, mdogo wangu. Imekwisha. Daktari ameniwekea tarehe ya kuibadilisha, miezi saba kutoka sasa. Akaniandikia na gharama kwenye karatasi. Mimi ya mashamba siyajui, nikaichukua bei ya hospitali nikaifanya bei ya shamba. Siombi zaidi."

"Na hiyo miezi saba pesa itakaa wapi?"

"Benki, itanisubiri. Mimi nitakaa kwa mdogo wangu wa kuzaliwa mpaka tarehe ifike."

Vidole vya mke wangu vikasimama.

Namjua mke wangu. Nilijua anachotaka kusema kabla hajafungua mdomo. Nyamaza, nilimwambia kimoyomoyo. Nyamaza, mke wangu, hatukumdanganya mtu, bei ameitaja mwenyewe. Alipovuta pumzi nikachukua nyundo na kupiga boriti. Nikapiga tena, kwa nguvu, vumbi likawamwagikia.

"Fundi, acha kugonga," akasema bila kuinua uso.

Nikaacha.

"Dada, hiyo pesa haitafika na wewe huko. Leo inatosha nyonga. Miezi saba ijayo sijui itatosha nini, labda kitanda cha kulalia. Ukiniuzia leo ukapeleka benki, mimi nitakuwa na shamba na wewe utakuwa na makaratasi."

Mama Mnara alinyoosha mkono akaitafuta fimbo, akasimama.

"Wewe si ndiye mnunuzi?"

"Ndiye mimi."

"Unaniambia ili nikupunguzie? Ili nikuonee huruma?"

"Nalitaka shamba lako, dada. Nimeuza duka langu kwa ajili yake. Lakini nimekushika kichwa, ningesukaje huku nimenyamaza?"

Mama Mnara akaelekea mlangoni, amekasirika, fimbo inagonga sakafu. Alipofika kizingitini akapeleka mkono kichwani. Upande wa kushoto rasta zimelala kwa mstari, upande wa kulia nywele zimechanuliwa, zimesimama timutimu. Hakuna mwanamke anayekwenda popote na nusu kichwa. Akarudi, akakaa.

"Malizia," akasema.

Mke wangu akaendelea kusuka kwa saa mbili. Mimi sikuthubutu kushuka. Niliangalia vidole vya mke wangu vikisuka kwa unadhifu ule ule, hakuna hata rasta moja iliyovutwa kwa hasira, na nilikuwa namchukia kidogo, kama mtu anavyoweza kumchukia anayempenda.

Saa tisa kasoro honi ikapigwa getini. Muuza saruji alikuwa amewahi. Upande wa kulia ulikuwa umebaki kama robo.

"Shemeji," Mama Mnara aliita darini, "nenda wewe. Mimi sipokei wageni hivi."

Nikashuka na utando wa buibui kichwani. Muuza saruji alikuwa mtu mwenye haraka, hakuzima hata gari. Alinitazama kama mtumishi wa pale na sikumsahihisha.

"Mwambie nimesikia kuna watu wengine. Bei yake naiongeza robo. Pesa ninayo hapa."

Kutoka getini mpaka sebuleni ni hatua sitini, nilizihesabu. Ya ishirini nilikuwa nimeamua kusema mtu yule ameghairi. Ya arobaini nilikuwa nimeamua kusema gari lilikuwa la mtu aliyepotea njia. Ni nani angejua? Nilipoingia, mke wangu alikuwa ameshika rasta, anangoja, na macho yake hayakuniomba kitu chochote. Nadhani angeniomba ninyamaze, ningenyamaza kwa furaha.

"Anaongeza robo," nikasema. "Pesa anayo garini."

Mama Mnara akageuza kichwa kunitazama. "Robo. Na ya benki, hakusema lolote?"

"Hakusema."

"Hata ya pesa kuharibika?"

"Alisema ana haraka."

"Basi kamwambie asipoteze mafuta yake."

Nikarudi zile hatua sitini. Mtu yule alinitukana, akaondoka, na mimi nikabaki nimeshika geti, sijui kama tumepona au tumepotea. Niliporudi mke wangu alikuwa anachovya ncha za rasta kwenye maji ya moto. Alimfuta mabega, akampa kioo. Mama Mnara akajigeuza huku na huku, akakiweka kioo mapajani.

"Siuzi ekari nane," akasema. "Nauza nyumba na ekari nne, kwa bei ile ile. Nne nabaki nazo, na kibanda cha zamani cha mlinzi kilicho huko, nitakikarabati nikae. Na pesa sitaki kuigusa. Jumatatu tunakwenda wote hospitali, wakiipokea yote siku hiyo kwa bei iliyo kwenye karatasi yao, tunaandikishana. Wakikataa, hakuna biashara."

"Sawa," mke wangu akasema, upesi kama mtu mwenye kiu anayepewa kikombe cha maji.

Njia nzima nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa. Nilimwambia ulimi wake umekula ekari nne kwa mkupuo mmoja, na Jumatatu hospitali ikikataa utakuwa umekula zote. Yeye alishikilia mfuko wake magotini.

"Zote nane zilikuwa zake, Fundi," akasema mwishowe.

Jumatatu tulikaa kwenye benchi la dirisha la malipo kuanzia saa mbili. Karani alituambia bei imebadilika. Mama Mnara akamwekea karatasi yenye mhuri. Karani akaenda kwa mkubwa wake, akakaa huko mpaka mke wangu akaanza kujisuka nywele zake mwenyewe bila kujua anachofanya. Aliporudi akasema watapokea, ila ilipwe kabla ya adhuhuri. Tulilipa. Mabunda niliyatoa mimi, mke wangu akayahesabu, kisha tukaenda kuandikishana.

Tukahamia kwenye mnara. Yeye anasukia watu barazani, kichwa kimoja kwa kikapu cha mahindi au kuku au chochote ambacho mtu anacho. Mimi karakana yangu iko chini ya tangi kama nilivyopanga. Lakini ekari zile nne ng'ambo ya mawe ya mpaka nilikuwa nikizitazama kila asubuhi, na kila asubuhi ziliniuma.

Miezi saba ikapita. Mama Mnara alikwenda hospitali kwa tarehe yake, wakamfanyia, akarudi. Miezi mitatu baadaye mwalimu mmoja alikuja kuniagiza milango miwili ya kawaida, isiyo na nakshi. Nikakaa na penseli nikapiga hesabu ya mbao, bawaba na gundi kwa bei ya siku ile, nikaandika jumla. Ile namba nikaikazia macho. Nilikuwa nimeitamka kila siku mwaka uliopita, nilikuwa naijua kama jina langu. Ilikuwa bei ya ekari nane, mnara, kisima na nyonga ya mtu.

Mwalimu akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia anisubiri, nikatoka nje. Ng'ambo ya mawe, Mama Mnara alikuwa anapalilia mahindi yake, jembe kwa mikono yote miwili, amesimama kwa miguu yote miwili. Sijawahi kuona aibu kama ile, na mpaka leo sijamweleza mtu, hata mke wangu.

"Shemeji," akaniita, "mbona unaniangalia hivyo? Bado unazitaka ekari zangu?"

Alikuwa anacheka. Nikaruka mawe ya mpaka, nikamwomba lile jembe nimalizie mstari.