Goti la Ruthu na Ngoma ya Bibi Yake

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua la Chamwino halijapata makali. Ruthu Chitema anakaa kwenye kigoda nje ya mlango wa bibi yake, anaweka ngoma katikati ya mapaja na kuibana. Hapigi. Anaibana tu, uso umekunjamana, huku bibi akipepeta mtama pembeni na kuhesabu kwa sauti.

Bibi akifika ishirini, Ruthu analegeza. Wanashusha pumzi wote wawili, utadhani bibi naye alikuwa amebana kitu. Kisha wanaanza upya. Ni mizunguko kumi kila asubuhi, Jumapili ikiwemo, kabla ya ibada.

Mpita njia anaweza kudhani binti anajifunza ngoma na hajui hata pa kuanzia. Ruthu, mwenye umri wa miaka ishirini na sita, ni mwanariadha wa mbio ndefu. Anachokitafuta pale kwenye kigoda ni mguu wake wa kushoto.

Aliumia Agosti mwaka jana, mazoezini, kwenye korongo la mchanga lililo njia ya kwenda Mvumi. Korongo hilo analijua tangu utotoni. Kiangazi huwa kavu, na yeye alikuwa na mahali pake pembamba pa kuruka, ili asipoteze kasi kwa kushuka na kupanda. Siku hiyo ukingo ulimeguka. Alisikia kitu kikidata ndani ya goti.

"Sikulia kwa ajili ya maumivu," anasema. "Nililia kwa sababu nilijaribu kusimama, nikaona mguu si wangu tena."

Kano la ndani ya goti lilikuwa limekatika. Alifanyiwa upasuaji Dodoma mjini mwezi uliofuata, akarudi kwa bibi yake, Dorothea, aliyemlea tangu akiwa na miaka minne. Kibarua cha kupogoa mizabibu, kilichokuwa kikimpa shilingi elfu saba kwa siku, kikaishia hapo.

Lakini kazi kubwa ilikuwa kichwani. Wenzake wa klabu walipopita jioni wakikimbia, Ruthu aliingia ndani na kufunga mlango. Anakiri bila kuuma maneno kwamba aliwaonea wivu, hasa yule aliyechukua nafasi yake kwenye timu ya mkoa. Swali lilikuwa moja tu, na lilimla mchana kutwa: atakimbia tena, au ndiyo basi?

Daktari alimpa masharti. Asikimbie, asiruke, asichuchumae, asibebe ndoo. Ruthu akayashika yote bila kukosa hata moja, lakini ngoma haikutajwa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Mwishoni mwa Novemba kulikuwa na harusi ya binamu yake huko Mvumi. Bibi Dorothea ni kiongozi wa kikundi cha wanawake wapigaji wa muheme, ngoma ya Wagogo ambayo mpigaji huishika kwa mapaja, amesimama, magoti yamekunjwa kidogo. Siku hiyo mpigaji mmoja hakutokea.

"Njoo ushike hii," bibi akamwambia mjukuu wake. "Wewe si mgonjwa wa mikono."

Ruthu alipiga kwa saa mbili. Anasema alifurahi kuliko siku zote tangu aumie. Kesho yake goti lilikuwa limevimba, halikunjiki.

Kliniki, Ruthu na bibi yake walipokelewa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, Mudrick, ambaye alimuuliza Ruthu kama amekimbia. Hapana. Ameruka? Hapana. Amebeba ndoo? Wala. Mudrick akaanza kumtazama kwa jicho la mashaka. Bibi ndiye aliyesimama katikati ya chumba, akakunja magoti, akabana ngoma isiyokuwepo na kuanza kuipiga.

Mudrick ni mtu wa Kondoa, na hakuwahi kuona ngoma ikishikwa namna hiyo. Alimwomba bibi arudie. Akamuuliza umri, akaambiwa sabini na moja. Akauliza kama magoti humuuma, akajibiwa kwamba magoti huwauma wanaokaa.

"Shikamoo tena, bibi," Mudrick akasema, na wote watatu wakacheka, kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

Kano lilikuwa salama, ila uvimbe uliwarudisha nyuma wiki sita. Mudrick alipima mapaja ya Ruthu kwa futi ya fundi cherehani. La kushoto lilikuwa dogo kwa sentimita tano. Akaagiza ngoma iletwe kliniki, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo dawa: kwanza kuibana akiwa amekaa, zoezi asiloliacha hadi leo, miezi baadaye akiwa amesimama, kisha wimbo mmoja, mwisho mbio.

"Nilikuwa nalitukana goti langu," Ruthu anasema. "Nililiona jivivu, linanichelewesha. Mudrick akaniambia, 'Dada, hilo goti linakuogopa. Lizoeshe kukuamini.'"

Aliyeumia zaidi, pengine, ni bibi. Kwa mwezi mzima hakugusa ngoma yake. "Mimi ndiye niliyempa," anasema, macho yakiwa kwenye ungo. "Nilidhani nimemmaliza mwanangu." Kuhesabu alijipangia mwenyewe, hakuna aliyemwomba.

Wiki iliyopita, baada ya kupiga wimbo mzima bila ngoma kuteleza, Ruthu aliruhusiwa kukimbia polepole kwa dakika tano. Tofauti ya sentimita tano kwenye mapaja imebaki moja. Alichagua njia ya Mvumi. Bibi akamfuata hadi mwisho wa mashamba, akasimama.

Ruthu alikimbia mpaka kwenye lile korongo. Akasimama ukingoni. Kisha akageuka, akashuka kinyumenyume taratibu, mkono ukishika mizizi, akapotea machoni pa bibi. Bibi anasema alihesabu. Alipofika thelathini na mbili, kichwa cha Ruthu kikaibuka ng'ambo ya pili, halafu mabega, halafu akaanza tena kukimbia.

"Zamani ningeruka," Ruthu anasema.

Desemba anataka kukimbia kilomita kumi mjini Dodoma. Ataanzia nyuma kabisa, anasema, na hajali nani atakuwa mbele. Ombi lake limebadilika.

"Nilikuwa naomba goti linifikishe kwenye mbio zijazo. Sasa naomba linifikishe miaka ya bibi, niwe nimesimama na ngoma yangu."

Bibi, aliyekuwa akijifanya hasikii, anaweka ungo chini na kumkumbusha kwamba bado mizunguko mitatu. Ruthu anaivuta ngoma na kuibana.

"Moja," bibi anaanza.