Uso wa Kasuku

Tangu yuko chuo cha udaktari wenzake walimwita Kasuku, maana mdomo wake haukujua kupumzika. Alimchekesha hata mgonjwa aliyekatazwa kucheka kwa ajili ya nyuzi za tumboni. Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea, mpaka leo humwambia kila mteja, hata aliyekuja kupunguza suruali tu, kwamba kijana wake ni daktari wa kina mama.

Jina likabaki, maneno yakaisha. Hakuna siku ya kunyooshea kidole ukasema yalikatikia hapa. Yalipungua kama maji ya bomba: leo yanatoka membamba, kesho matone, kesho kutwa unafungua unasikia hewa tu.

Watu hudhani ni huzuni. Angekuwa na huzuni si angelia. Yeye alikula asijue anakula nini, akalala na kuamka kachoka kuliko alivyolala. Shangazi akipiga simu, anaitazama inavyoita mpaka inyamaze, kisha anaandika: Niko kazini. Hata akiwa kitandani kwake. Ila kazi yenyewe haikuyumba. Mikono ilishaijua njia.

Rafiki yake, daktari wa watoto waliyesoma naye, alishamwambia, "Bwana wee, sote tumechoka. Jikaze kisabuni." Akajikaza. Kliniki ya akili ilikuwa hapo hapo hospitalini, mwisho wa korido, na benchi lake liko nje, kila apitaye anakuona. Daktari akionekana pale, nani atamwachia kisu mkononi? Hofu hiyo moja tu ndiyo iliyokuwa hai ndani yake. Nyingine zote zilishakufa ganzi.

Mchana mmoja aliletewa mama mjamzito anayevuja damu. Akampasua, akatoa mtoto, damu ikakatika, akashona. Kisha akavua kofia, akatoka kuwapa habari wenyewe. Nje walikuwa mume, amekumbatia kibegi cha nguo za mtoto, na mama mkwe wake, mzazi wa mgonjwa.

Kasuku akasimama mbele yao. Kabla hajafungua mdomo, yule mama mkwe alimtazama usoni, akashika kichwa, akateleza na ukuta mpaka chini.

"Mwanangu jamani," akasema. "Mwanangu kaniacha."

Kibegi kikamponyoka mume.

"Ni mzima," Kasuku akasema. "Mama mzima, mtoto mzima. Wa kike."

"Daktari, usitufiche," mume akasema. "Tumeshakuona uso."

"Wazima wote."

Hawakumwamini. Ikabidi sista mkuu wa wodi atoke na mtoto mwenyewe, mtoto analia kweli kweli. Hapo ndipo yule mama akainuka, machozi na kicheko pamoja, akampiga Kasuku begani.

"We mtoto utaniua. Habari njema unaileta hivi, ya msiba utaileta vipi?"

Wakacheka. Kasuku alijua hapa ni mahali pa kucheka, akaivuta midomo. Walipomwona, kicheko kikawaishia. Akamtazama mtoto aliyemtoa kwa mikono yake. Akaona ana mtoto mbele yake. Basi.

Sista mkuu, ambaye alianza kazi ya kuzalisha kabla Kasuku hajazaliwa, alimvuta hadi chumba cha mashuka akarudishia mlango.

"Mwanangu, unalala?"

"Nalala."

"Unakula?"

"Nakula, sista."

"Nimekuuliza kama ninavyomuuliza mgonjwa, nawe unanijibu kama mgonjwa mwongo."

Kasuku akatazama mashuka. "Nikikaa kwenye lile benchi wataniona."

"Wameshakuona. Yule mama amekaa chini kwa kukuona."

Kasuku hakuona hata aibu. Alichokiona ni yule mama akiteleza na ukuta, na kwamba kesho angemtelezesha mwingine, naye asisikie kitu.

Asubuhi yake alikaa kwenye benchi, koti jeupe amelikunja magotini, katikati ya bibi mmoja aliyesinzia na kijana anayetikisa mguu. Watu wakapita. Wengine walitazama, wengine hawakutazama. Kisha akapita daktari wa watoto, mbio mbio kama kawaida yake. Akapunguza mwendo, akarudi.

"Kasuku, umemleta nani?"

"Nimejileta."

Rafiki akafungua mdomo kutafuta utani, usije. Akautazama mlango, akalitazama benchi.

"Foleni inakwenda?" akauliza, kwa sauti ya chini.

"Inakwenda."

Kasuku akasogea kumpisha, kwa mazoea tu. Rafiki hakukaa. Lakini pale aliposimama hakuondoka upesi.