Jirani Aliyekataa Kuiomba London Ruhusa

Nilikuwa sokoni Woolwich, mbele ya muuza samaki, nikimbishia kwamba tilapia yake ni ya juzi, simu ilipolia. Alikuwa jirani. Namwita jirani ingawa alihama zamani akarudi kwao Lithuania. Nyumbani kwetu hilo ndilo jina lake na halijawahi kuwa lingine. Saa hiyo alipaswa kuwa hewani. Kesho yake tulikuwa na karamu ya kumuaga Mama, ambaye baada ya kuwaosha na kuwalisha wazee wa London maisha yake yote ya kazi alikuwa anarudi Kitale, Kenya, kurudi kabisa, na jirani alikuwa ameapa kwamba hawezi kuagana na Mama kwa simu.

"Wamenirudisha," aliniambia kwa Kiingereza chake kikavu. "Niko kwenye basi, narudi nyumbani."

Ngoja nikueleze, maana hata mimi ilibidi nielezwe. Mlithuania akitaka kwenda kutembea Roma au Lisbon hutia mfukoni kitambulisho chake cha kawaida, kile cha kadi, basi. Zamani hata London jirani alikuja hivyo hivyo. Siku hizi London inataka pasipoti, na juu ya pasipoti inataka kibali ulichokiomba mwenyewe kwenye simu, ukakilipia, ukajipiga picha ya uso na kujibu kama umewahi kuwa mhalifu. Jirani hakuwa na pasipoti hata iliyokwisha muda. Alifika kaunta ya uwanja wa ndege na kadi yake na mkate mweusi wa kumletea Mama kwenye mfuko, msichana wa kaunta akamwambia samahani. Hakuwa ameuliza mtu yeyote sheria za kuingia London, na mimi simlaumu hata kidogo. Nani huuliza kama anaruhusiwa kupanda ngazi alizozisugua mwenyewe?

Samaki nilinunua, ubishi nikauacha. Nikapita njia ya mbali makusudi, nikaenda kusimama pale lilipokuwa jengo letu.

Halipo tena. Wameweka ghorofa za vioo zenye mlinzi mlangoni. Letu lilikuwa la kaunsili, yaani serikali ya mtaa, la matofali, lenye ushoroba mrefu wa wazi mbele ya milango, na kwenye ushoroba huo ndiko nilikolelewa. Jirani alikuja na begi moja na sufuria, mwaka nchi yao ilipoingia katika Umoja wa Ulaya na watu wake wakaruhusiwa kuja kufanya kazi. Alisafisha ofisi za watu alfajiri. Mama alikuwa na zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Mmoja akitoka mwingine anaingia, na mimi walinipokezana pale katikati pamoja na habari za kilichobaki jikoni. Milango yetu miwili ilishinda wazi, kwa hiyo hata sasa nikifunga mlango mchana nahisi kama nimemkosea mtu.

Rafiki yangu, kama hujawahi kuona supu ya waridi, hujaona kitu. Ni ya viazisukari vile vyekundu, baridi kabisa, yenye mayai na majani membamba ya harufu kali, na rangi yake ni ile ya gauni la msimamizi wa harusi. Mara ya kwanza Mama aliikodolea macho akauliza, "Hii ni ya kukunywa ama ya kupaka ukuta?" Lakini alipoonja ule uchachu akagundua kwamba ndani mna maziwa yaliyogandishwa, mala kama ya kwao Kitale, na tangu siku hiyo hakuna aliyemkataza kitu jirani nyumbani kwetu. Naye jirani alikula ugali kwa mkono, akichovya kwenye mala yake, bila mboga, jambo ambalo Mama alilisimulia kanisani kama muujiza.

Jumamosi walisugua ushoroba mzima. Kaunsili ilikuwa na mtu wake wa usafi, lakini wale wawili walimwona mtu huyo ni mzaha. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi mbili ngumu zikikwaruza saruji kutoka mwisho huu hadi ule, na mimi nyuma yao na kitambaa. Wapangaji wengine walitembea kwa vidole. Harufu ya ile sabuni ikichanganyika na chapati zinazopikwa ndani ndiyo Jumamosi kwangu, na sijawahi kuipata kwingine.

Sasa nikusimulie siku za viza, maana hapo ndipo nyumba zetu mbili zilipotofautiana. Kwetu Wakenya, mtu akiwa na miadi ya viza, akina mama wa kanisa walikusanyika sebuleni usiku wa kuamkia siku hiyo, kila mmoja na karatasi zake zilizowahi kufaulu. Hii ndiyo iliyompitisha dada yangu, mmoja angesema. Hii usiiweke juu, iweke chini ya barua ya benki. Mama alikuwa na faili nene lenye kila kitu, hadi picha za shamba la babu, mahindi yakionekana, ili afisa ajue tuna mahali pa kurudi. Faili liliombewa. Asubuhi nilivalishwa nguo za Krismasi, nikapakwa mafuta hadi magotini, viatu vikang'arishwa, kwa sababu Mama aliamini kabisa kwamba afisa wa viza huanza na viatu.

Jirani alisimama mlangoni akitafuna mbegu za alizeti, akitutazama. Yeye alikwenda kwao na kurudi kwa kadi aliyoihifadhi kwenye sidiria, mara nyingine akiwa na ndara tu miguuni. "Mnamvalisha mtoto harusi," alisema, "ili akaombe barabara?"

Mwaka mmoja darasa letu lilikuwa linakwenda Ufaransa kwa basi. Mwalimu wetu, mtu mpole, alisema kila mmoja alete pasipoti, akidhani pasipoti zote ni kitu kimoja. Yangu ilikuwa ya Kenya. Mama aliomba ruhusa kazini, akaandaa faili, akanipaka mafuta, tukapanda treni hadi ofisi ya viza ya Ufaransa, na jirani akasema atatusindikiza aone hicho kiti cha enzi. Tulisubiri, tukaitwa, na pale dirishani tukaambiwa kwamba barua ya mwajiri wa Mama haina sahihi. Picha za mahindi hakuna aliyezitazama, wala viatu. Nafasi nyingine ilikuwa baada ya safari kwisha. Mama alikunja faili akasema asante. Nakumbuka ile asante kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu jirani aligeuka pale pale akamuuliza kwa sauti, mbele ya foleni nzima, "Asante ya nini?"

Siku wenzangu walipoondoka, jirani hakunipeleka shule. Alichemsha mayai, akakata mkate mweusi, akanishika mkono hadi kwenye kivuko cha Woolwich, kile cha bure kinachovusha magari na watu Mto Thames. Tukavuka kwenda ng'ambo. Tukashuka, tukazunguka, tukapanda tena kurudi. Tukavuka tena. Kila tulipofika ukingoni alisimama mbele ya mzee mmoja aliyefunga kamba za kivuko, akatanua mikono kana kwamba anapekuliwa, akasema kwa sauti ya kufa mtu, "Mimi na mtoto huyu hatuna karatasi!" Mzee alicheka mpaka akazoea, akawa anatupigia saluti. Mto ulinuka dizeli na matope, upepo ukanikausha mafuta yote usoni, nikala mayai na chumvi nikijiona nimeshafika mbali kuliko Ufaransa. "Yule wa dirishani juzi si mpaka," aliniambia tukiwa katikati ya maji. "Ni mtu tu kwenye kiti." Niliyaamini maneno hayo nikiwa mtoto na bado nayaamini, ingawa wenye viti wameongezeka.

Basi, jioni ile ya samaki nilimpa Mama simu azungumze na aliyerudishwa. Nilidhani watalia. Waligombana.

"Si ujaze tu hiyo form yao?" Mama alimwambia. "Upate passport, ujaze, ukuje, mimi naweza hata kusongesha flight. Nimejaza forms za watu hawa mpaka vidole vikaisha alama!"

"Siombi," jirani akajibu. "Nilisafisha mji huo miaka yote. Nimelea mtoto hapo. Sasa niandike kwamba nakuja kutembea kama mtalii, nisubiri wakinipenda? Siombi."

"Hata kwa ajili yangu?"

Jirani akasema, taratibu, kwamba hata kwa ajili ya Mama haombi. Mama alinirudishia simu bila kuaga, akaingia jikoni kuukanda unga wa chapati kwa ngumi. Aliongea na unga, si na mimi. Alisema amewapigia magoti watu wa viza ili mtoto wake apite, na mwenzake hawezi kubonyeza simu ili waonane. Iliniuma, kwa sababu Mama alikuwa anaondoka na kidonda hicho, na Kitale si mahali pa kwenda kwa basi. Lakini nisikufiche, moyo wangu ulikuwa na jirani. Kwetu tulijifunza kusema asante dirishani. Kuna mtu mmoja aliyekataa, na alikataa kwa niaba yangu kabla ya kukataa kwa niaba yake.

Karamu ilikwenda vizuri, watu walikuja hata kutoka Hounslow na Stanmore, ng'ambo ya pili ya London, tuliimba, Mama akasindikizwa Heathrow na ukoo mzima kama desturi yetu. Baada ya hapo wale wawili hawakusemezana. Kila mmoja aliniuliza habari za mwenzake kama vile anauliza hali ya hewa.

Halafu jirani akanipigia. Alisema amepata pasipoti. Nilifurahi nikaanza kumtafutia tiketi ya London, akanikatiza. Hakuitaka London. Alitaka kwenda Kitale. Nikaona nimwambie mapema, yasije yakamkuta kaunta tena: Kenya nayo inamtaka mgeni aombe kibali kwenye mtandao kabla ya kusafiri, ajaze, apakie picha, alipie, asubiri. Niliposema hivyo niliufumba mdomo nikangoja moto.

"Sawa," alisema. "Huko mimi ni mgeni. Nitabisha hodi."

Tulijaza pamoja, yeye kwake na mimi kwangu, nyuso zetu kwenye simu. Penye sababu ya safari aliandika utalii mwenyewe, bila hata kuguna. Nilipompatia ndege ya bei nzuri inayopitia London aliikataa kata kata, akachagua ya Istanbul yenye kungoja kwingi, na sikujaribu kumshawishi.

Mimi sasa nina pasipoti ya Uingereza, na nikienda kumtembelea Lithuania huchukuliwa alama za vidole na kuulizwa nitakaa siku ngapi na nimefuata nini. Nawajibu nimemfuata aliyenilea. Najua kinachokuja baada ya hapo, yule afisa atanitazama rangi, atatazama pasipoti, atanitazama tena. Atazame. Jengo letu wamelivunja, ushoroba umekwenda, kile kizazi cha watu waliokuja na sufuria na kuingia kwa kadi tu kimefungiwa mlango, na watoto wa siku hizi wa Woolwich hawatapata jirani wa namna ile, kwa sababu hawezi tena kuja na begi moja kutafuta kazi. Wamechukua kitu cha thamani, na waliochukua hawajui hata jina lake. Mimi ninalijua, na nitalitaja popote nitakapowekwa kwenye foleni.

Mama alipiga simu wiki iliyopita kutoka Kitale. Nyuma yake nilisikia mtu akibishana na kuku kwa Kilithuania. Mama alikuwa anacheka mpaka anakosa pumzi. Alinisimulia kwamba pale uwanjani Nairobi afisa alimuuliza jirani, kwa heshima, kama anajua kibali chake ni cha siku chache tu.

"Unajua amemjibu nini huyu mwanamke?" Mama akasema. "Amemwambia, zikiisha nitaomba tena."