Hadithi Iliyobaki Darasani

Mwezi uliopita mjukuu wangu alirudi kutoka shule ya kata, hapa Bisibo, akatua dumu la maji mlangoni, akaniamkia, na kabla hajavua viatu akasema, "Babu, mwalimu wa Kiswahili anakuita shuleni."

"Umevunja nini?"

"Sijavunja kitu! Tunasoma fasihi simulizi. Mwalimu anasema hadithi ya kitabuni haitoshi, lazima tuione inatendwa mbele yetu. Kila mtu alete mzee wa kwao. Nimemwambia babu yangu Mhangaza anazo nyingi."

"Nani alikudanganya?"

"Wewe mwenyewe, babu. Kila siku unamsifu bibi yako."

Ni kweli namsifu. Jambo ambalo sikuwahi kulisema nyumbani ni kwamba iko hadithi yake moja ambayo sijui mwisho wake, na kwamba kosa ni langu.

Nilikulia upande wa Ngara, si mbali na Nyamiaga, kwenye vilima ambako ukungu hukaa bondeni mpaka saa nne asubuhi. Ungefika kwetu jioni, rafiki yangu, ungesikia kwanza kibuyu. Bibi alikuwa akisukasuka maziwa magotini, chwa, chwa, chwa, huku maharage na ndizi vikitokota jikoni na moshi ukitoka katikati ya nyasi za paa. Sisi watoto tulifukia viazi vitamu kwenye majivu ya moto, tukavichokoa na kijiti kabla havijaiva, tukaungua vidole. Tukishakula, bibi aliweka kibuyu kando na kuanza hadithi. Mchana hakusimulia kamwe. Tuliambiwa anayesimulia hadithi mchana hugeuka mjusi, nasi tuliamini kabisa. Tulikuwa tunawatazama mijusi ukutani na kujiuliza walikuwa akina nani.

Nyumbani tulisema Kihangaza. Kiswahili kilikuwa cha shule, na mimi nilikimudu kuliko wenzangu wote. Nilijua hivyo, na nilitaka kila mtu ajue.

Nilipofika darasa la sita tuliletewa mwalimu mpya, mama mmoja kutoka Tabora, mwembamba, mwenye sauti iliyojaza chumba bila yeye kuipandisha. Kabla yake tulisoma kitabu kama watu wanaohesabu magunia. Yeye alitusimamisha. Alitufanya tusome sentensi ileile kama mgonjwa, kisha kama mtu anayeficha kitu, kisha kama mama anayemwita mtoto aliye mbali. Mstari wa madirishani walikuwa upepo, mstari wa ukutani walikuwa watu sokoni. "Hiyo nukta ni ya kuvuta pumzi," alikuwa akisema. "Ukiiruka, msikilizaji wako atazama." Shairi likiwa na huzuni alitukataza kukohoa. Watoto ambao hawakuwahi kufungua mdomo walianza kusoma. Mimi alinipa kila nafasi kubwa: mfalme, mzee, mwizi.

Siku moja akauliza nani ana bibi anayesimulia vizuri. Darasa zima likaninyooshea vidole.

Alikuja nyumbani mwenyewe. Hakujua Kihangaza hata neno, na bibi hakujua Kiswahili, kwa hiyo nilikaa katikati yao. Bibi aliposikia kwamba anatakiwa shuleni saa nne asubuhi, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mwambie mwalimu wako sitaki kugeuka mjusi."

Nikamwambia. Mwalimu naye akacheka, kisha akasema, "Mwambie tutafunga madirisha yote na mlango. Tutaleta giza."

Bibi akafuta machozi ya kicheko. "Basi kama amenifikiria kiasi hicho, nitakwenda. Nitawapa ile ambayo sijawasimulia ninyi. Mmekuwa wakubwa."

Nilifurahi siku tatu nzima. Siku ya nne alipoingia darasani, furaha ikaniisha. Alikuwa peku, amevaa shuka lake la siku za misa, lililokaa miaka mingi juu ya moshi. Mtoto wa karani, niliyekaa naye dawati moja, akabana pua na kuninong'oneza, "Bibi yako ananukia samli! Tukaangie mayai." Dawati la nyuma wakasikia, wakaanza kutikisika. Nikahisi masikio yanawaka.

Mwalimu akafunga mbao za madirisha. Mwanga ukabaki kwenye nyufa tu. Akanisimamisha kando ya bibi nimtafsirie sentensi kwa sentensi, na akaketi kama mwanafunzi, mikono mapajani.

Bibi akaanza. Palikuwa na mwanamke ambaye mtoto wake alichukuliwa na mto. Watu walilia, wakamaliza, wakarudi mashambani. Yeye hakurudi. Alikwenda ukingoni kila siku kumdai mto mwanawe. Siku ya kwanza mto ukamwambia, nipe chungu chako. Akakitoa. Siku ya pili ukamwambia, nipe jembe lako. Akalitoa. Kila alipotoa kitu alikaa chini na kuita, na hapo bibi aliita kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nyembamba, inayokwenda mbali: "Ngwino, mwana wanje." Njoo, mwanangu.

Mwanzo nilitafsiri sawasawa. Kisha nikamwona mtoto wa karani bado ameshika pua. Bibi alipoita mara ya pili, nikaigiza sauti yake ile, kwa ufundi wote niliofundishwa na mwalimu, nikasema: "Njoo, kuku wangu, chungu kiko jikoni."

Darasa likalipuka. Wote walijua lugha zote mbili, wote walijua nimefanya nini. Nikaonja kile kicheko na nikakitaka tena. Bibi akaeleza jinsi mwanamke alivyokesha akilia; mimi nikasema alikesha akimtafuta yule kuku na chumvi mkononi. Mtoto wa karani alianguka chini ya dawati. Mle ndani watu wawili tu hawakujua kwamba nageuza maneno, nao ndio walikuwa watu wazima. Bibi alitutazama, akashangaa, akaendelea. Labda aliona ni utoto. Akasema siku ya tatu ilifika, mwanamke hakuwa na kitu tena, akasimama mikono mitupu, na mto ukamwambia.

Hapo mwalimu alicheka. Alicheka kwa nia njema, kwa ajili ya kuku wangu, akidhani ni wa bibi, na kumpongeza mgeni wake akapiga makofi mara mbili.

Bibi akageuka kumtazama. Mwanga wa ufa mmoja ulimwangukia usoni. Alifunga shuka vizuri kifuani, akapapasa mpaka akaupata mlango, akatoka kwenye jua. Tulimwona anashuka kilima polepole, peku, bila kugeuka.

Msichana mmoja ndiye aliyemweleza mwalimu. Nilingoja fimbo. Hakunichapa. Aliniambia tu, "Nilikuazima masikio yangu," akaondoka kwenda nyumbani kwetu na kilo ya sukari. Bibi alimpokea vizuri, akampa maziwa. Hadithi hakuitaja. Mwalimu hakunisimamisha tena kusoma mpaka alipohamishwa, na wenzangu niliowachekesha ndio waliopata wafalme na wezi wangu.

Jioni zetu zikabaki na kibuyu tu. Akimaliza kusukasuka, anakwenda kulala. Wadogo zangu walimsumbua kwa majuma, kisha wakazoea. Miaka mingi nilisema ni uzee uliomnyamazisha, au ni mwalimu aliyecheka vibaya. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na nilijua nafanya nini.

Nilimwomba mara moja, nikiwa kidato cha pili, nimerudi likizo. Nilimpelekea kuni, nikapiga magoti, nikasema, "Bibi, mto ulimwambia nini?"

"Waulize waliocheka," akajibu, akaendelea na kibuyu chake.

Alifariki nikiwa shuleni. Nilifika amekwisha kuzikwa. Mama akaniambia kwamba kabla ya kumzaa baba, bibi alikuwa na binti, na kwamba binti huyo hakuzikwa kwa sababu hakupatikana. Mto gani, sikuuliza.

Nimeutafuta mwisho ule. Niliwauliza wazee wa Nyamiaga, hakuna aliyeujua. Wakimbizi wa mauaji ya ng'ambo ya mto walipojaa Benaco, nilikuwa nikipeleka viazi kambini, nikawa nawauliza bibi vizee wa kule, maana lugha zetu hukaribiana. Mmoja akakisukuma kando kikapu changu cha viazi. "Mto? Usiniulize mimi habari za mto." Sikuuliza tena.

Basi nilikwenda shuleni kwa mjukuu wangu. Wengi ni watoto wa Kisukuma, wazazi wao walikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga. Nikamwomba mwalimu afunge madirisha. Nikasimulia mpaka pale mwanamke aliposimama mikono mitupu na mto ukamwambia, nikanyamaza.

"Ukamwambia nini, babu?" akauliza kijana wa mbele.

"Sijui," nikasema. Nikawaeleza kwa nini, kuku na yote. Hakuna aliyecheka. Mjukuu wangu aliinamisha kichwa, na njiani kurudi alitangulia hatua kadhaa, hakunishika mkono.

Wiki iliyopita aliniletea karatasi. Mwalimu aliwaambia kila mmoja aandike mwisho wake. Mto unamdai macho, mto unamdai jina, mto unamwambia aingie. Nyingine nzuri sana. Jioni nazisoma kwa sauti, moja moja, nikivuta pumzi kwenye kila nukta kama nilivyofundishwa, nikitumaini sikio langu litastuka na kusema, hii ndiyo. Mjukuu wangu akiwa anamimina maji kutoka kwenye dumu, chwa, chwa, kama kibuyu kile, mimi naacha kusoma na kugeuka kutazama nyuma yangu, kisha nachukua karatasi nyingine.