Mwalimu wa Fundi Viatu

Kikundi cha wafuma vitambaa kilikuwa na sharti moja: anayegundua mbinu mpya awafundishe wenzake kabla ya maonyesho ya mashindano. Wengi walifundisha wakishashinda, na hiyo ni hila. Mama Vifungo, mpiga pasi hotelini, hakufanya hila.

Aligundua namna ya kuunganisha vipande huku akifuma, bila mshono kuonekana. Kitambaa cha mshindi hutundikwa mwaka mzima kwenye dirisha la duka la nyuzi, naye hakuwahi kushinda.

"Wifi, funga mdomo mpaka maonyesho ya Jumamosi yapite," dada wa mumewe alimsihi. "Utampa mwenzio kisu akuchinje?"

"Sharti likingoja nishinde kwanza, wifi, si sharti tena."

Akawafundisha wote, hata mwenzao fundi viatu, waliyemtania kwamba atafuma soli.

Jumamosi ukumbi ulijaa vitambaa visivyo na mshono. Fundi viatu akashinda. Alipoitwa, alimshika Mama Vifungo mkono, akapanda naye jukwaani.

"Huyu ndiye mwalimu wangu!"

"Na wetu!" wakajibu wenzake, wakasimama wote, vigelegele vikahanikiza.

Uaminifu huo ulimgharimu dirisha alilolitamani miaka yote.