Wangare Watatu na Kompyuta ya Bahati

Saa tatu asubuhi. Maziwa yameshapimwa, mikebe imeoshwa, lakini hakuna anayetoka. Wanawake watatu wameibana meza ya karani katika ofisi ya ushirika wa wafugaji, karibu na mji mdogo wa Bahati. Katikati yao ameketi Consolata Nabalayo, mtaalamu wa kompyuta kutoka Nakuru mjini, akiitazama skrini kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Ati mimi peke yangu nimeleta hii maziwa yote?" anauliza mmoja, akicheka. "Ng'ombe zangu ni mbili, mathe, si treni!"

"Wewe cheka tu," anajibu mwenzake. "Yangu inasoma sufuri. Wiki nzima, sufuri!"

Wote watatu wanaitwa Mary Wangare. Ni watoto wa ndugu, na kama ilivyo desturi hapa, kila mmoja alipewa jina la nyanya yao mmoja. Kanisa nalo likawabatiza Mary. Kompyuta imewaona watatu kama mtu mmoja.

Karani Gachoka, anayepima maziwa hapa tangu akiwa na nywele, hajawahi kuwachanganya. Kwake yuko Wangare wa Posho Mill, Wangare wa Mteremko na Wangare Mrefu.

"Mbona hukuniambia, mzee?" Nabalayo anamuuliza.

"Uliniuliza majina ya kitambulisho, nikakupa majina ya kitambulisho."

Ofisi nzima inaangua kicheko. Nabalayo pia anacheka, ila si sana. "Kompyuta haina kosa," anasema. "Inafanya kile umeiambia, hata kama umeiambia ujinga. Huu ujinga ni wangu. Na kwetu Bungoma pia tunarithi majina, kwa hivyo sina pa kujificha."

Programu hii ameiandika mwenyewe, mwanzo hadi mwisho, na maelezo yote yako kwa Kiswahili. Haikununuliwa. Haikuletwa na mfadhili mwenye fulana na kamera. Wakubwa wanaozunguka hotelini wakihubiri kwamba vijana wa Bonde la Ufa hawana ujuzi wangefika hapa, lakini barabara ya vumbi ingewachafulia viatu.

Leo, hata hivyo, ana jambo zito kuliko Wangare watatu. Kampuni moja ya Nairobi inayosimamia mitambo ya benki imempa kazi, kwa mshahara mara tatu ya ule anaoupata sasa, na inataka jibu kabla ya saa sita mchana. Huko atalinda programu zilizoandikwa ng'ambo. Haruhusiwi kubadilisha hata mstari mmoja. Akienda, kamati ya ushirika imeshasema kompyuta itafunikwa kitambaa na karatasi zitarudi mezani.

Mwajiri wake mjini ni Hitesh, mwenye duka la kompyuta ambako Nabalayo huunda na kutengeneza mashine. Alimwambia wazi: "Enda, Nabalayo. Mimi nitalia siku mbili. Ya tatu nitatafuta mtu mwingine."

Ni Hitesh huyo huyo aliyemfungulia stoo ya duka Januari, baada ya uchaguzi, mji ulipowaka moto na watu wakaanza kuulizana makabila kabla ya salamu. Nabalayo alilala kati ya maboksi ya skrini. Humo ndimo alimoanza kuiandika programu hii. Mambo yalipotulia, marafiki walimkanya asiende Bahati, kwa watu wa kabila jingine, na jina lake la Kibukusu.

"Nilienda na jina langu lote," anasema. "Siku ya kwanza hakuna aliyeniongelesha. Siku ya pili nikapewa chai. Sasa wananigombeza kama mtoto wao."

Baba yake, Mzee Wamalwa, alikuwa fundi katika karakana ya reli Nakuru. Aliisikiliza injini tu akajua inaumwa wapi. Wanaume wenye tai walimwita mzigo wakamwachisha kazi pamoja na wenzake, na hadi leo hakuna aliyewaomba radhi. Wenye tai wamesahau. Familia za mafundi hazijasahau.

"Sisi tulitengeneza mashine ya watu wengine," mzee amemwambia bintiye mara nyingi. "Mtu akiongeza msumari wake, anaandikiwa barua ya onyo. Wewe unaandika yako."

Inapokaribia saa sita, Nabalayo ameongeza nafasi mpya kwenye programu: *Unajulikana kama nani?* Wafugaji wanapanga foleni. Wangare Mrefu anaona jina lake na maziwa yake, anapiga makofi. "Sasa imenijua!"

Ushirika mmoja wa Gilgil umeshamwita. Anataka kupita na programu yake vituo vyote vya maziwa kuanzia Naivasha hadi Njoro, na kila anapofika, akae kwanza siku nzima na karani kabla ya kugusa kibodi.

Simu inalia. Ni Nairobi. Anasimama mlangoni, anashukuru kwa adabu, anasema hatakuja. Upande wa pili mtu anauliza, kwa sauti ya kushangaa, anabaki huko kufanya nini.

"Kuandika," Nabalayo anamjibu. "Huko kwenu ningelinda tu."

Anarudi mezani na kuvuta kiti. "Haya, mathe. Wewe wanakuitaje?"