Mzee Amepumzika

Marcella wa Kianjokoma amelea watoto watatu, na humtambua kila mmoja kwa hatua zake uani. Kwa hiyo Winrose, kitinda mimba wake anayesomea uuguzi Meru, alipoingia Ijumaa mchana bila hata kumkemea mbwa, mama alijua kuna jambo. Alimsogezea kigoda, wakamenya nduma pamoja.

"Wamekufukuza?"

"Hapana, Mami. Sitaki tu kurudi."

Yakamtoka kidogo kidogo. Mgonjwa wake, mzee Kaimenyi, alikuwa amekata roho Jumatatu asubuhi, Winrose akiwa amemshika mkono. Mkewe, aliyekesha kwenye benchi nje, akauliza hali. Winrose, aliyelelewa asitaje kifo mbele ya wakubwa, akajibu kwa adabu:

"Mzee amepumzika."

"Mungu asifiwe," mama yule akasema. "Usiku kucha hakupata usingizi." Akaenda kumtafutia uji. Aliporudi na thamosi, kitanda kilikuwa kimetandikwa shuka safi.

Marcella aliweka kisu chini. "Sasa hapo ulikosa nini? Hata mimi ningesema hivyo."

"Mwalimu alisema nimemdanganya. Wodini husemwa 'amekufa'. Alinisimamisha mbele ya wenzangu nilirudie neno hilo mpaka nisitetemeke. Sasa wananiita Mama Uji."

"Na baada ya hapo?"

"Nikaambiwa kuna mgonjwa mwingine wa kugeuzwa."

Marcella aliwawaza walimu wale. Walimfundisha mtoto kuosha maiti, kuifunga taya, hata neno la kusema. Mzigo wenyewe autue wapi, hakuna aliyemwonyesha.

"Basi lia, mwanangu. Hapa ni kwenu."

Winrose akamtazama. "Nikilia, utalia kunizidi. Utakataa chakula, presha ipande, halafu mimi ndiye nikubembeleze. Nimechoka kubembeleza watu, Mami."

Maneno yalimchoma, lakini angejiteteaje na machozi yalikuwa yameshamlengalenga? Aliyapangusa haraka kwa mkono wenye utomvu wa nduma. Macho yakawasha kama yametiwa pilipili, akalia kweli.

Winrose aliinuka bila haraka, akaleta maji, akamwosha uso. "Tulia, mama. Fumbua jicho. Pole, itaisha." Si sauti aliyozaliwa nayo; ni ya wodini. Marcella akafumbua macho, akamwona bintiye macho makavu kabisa.

Jumapili, mama alipomwuliza tena amelalaje, Winrose alifunga mkoba wake. Marcella hakuthubutu kuuliza kwa nini amebadili nia, ila Winrose alimjibu hata hivyo akiwa mlangoni:

"Afadhali wodini. Wale hawaniulizi nimelalaje."